Mtu wa Kumi na Tisa

Sehemu ya Saba

"Ni Murray au ni yule mgeni. Mmoja wao katuuza, na leo hatutoki humu mpaka tumjue."

Hapo ndipo tulipomwacha Murray Petschel wiki iliyopita, nje ya mlango wa jumba la klabu ya Talgara, saa nne asubuhi ya Jumapili, mkono mmoja kwenye kitasa na mwingine umebeba sinia la sandwichi za mayai ambalo mkewe, Glenys, alimwambia alitangulize. Sauti aliyoisikia aliijua vizuri. Ilikuwa ya Ross Dahlke, rafiki yake tangu shule ya msingi, nahodha wake wa mwaka themanini na tisa walipobeba kombe, na msimamizi wake siku ya harusi.

Angeweza kuliweka sinia chini akarudi zake nyumbani. Wengi wetu tungefanya hivyo, tena kwa mbio. Murray akausukuma mlango kwa bega.

Vichwa vyote vikageuka.

Ndani walikuwa wachezaji wa zamani ishirini na mmoja wa Talgara, wanaume wa mpira na wanawake wa netiboli, wameketi kwenye viti vya plastiki. Walikuwa na nyuso za watu waliotoka kuzika.

"Karibu, Murray," Ross akasema bila hata kupepesa jicho. "Tulikuwa tunakutaja."

"Nimesikia. Mlango wenyewe mbao nyembamba."

"Lete hizo sandwichi," mtu akanguruma kutoka nyuma. "Tule kwanza ndipo tukunyonge."

Huyo alikuwa Kadogo. Kadogo ana kilo mia na thelathini, na alipocheza beki watu walimkwepa kama wanavyokwepa trekta. Talgara ndivyo walivyo: jina la utani hukupiga kinyume. Mrefu ataitwa Mfupi, mkimya ataitwa Redio, na wote wamezoea mpaka hawaoni tena cha ajabu.

Wachache wakacheka. Ross hakucheka.

Kwa wewe uliyelikosa gazeti la wiki jana, mambo ni haya. Jumamosi, yaani jana yake, Talgara walicheza na majirani zao wa Boruk mechi ya mpira wa Kiaustralia ya kuingia fainali. Mpaka katikati ya robo ya tatu walikuwa mbele, sitini na moja kwa thelathini na nane, na magari yaliyozunguka uwanja yalipiga honi mpaka mbwa wakakimbilia shambani. Mara nahodha wa Boruk akamwendea mwamuzi, akaomba wachezaji wahesabiwe. Timu inaruhusiwa watu kumi na wanane uwanjani. Vijana wa Talgara wakapangwa mstari kwenye tope, mwamuzi akapita akiwagusa kifuani mmoja mmoja, na alipofika mwisho alikuwa ametaja kumi na tisa.

Sheria ya ligi ile ya mashambani ni ya kizamani na haina huruma. Ukizidisha mtu, pointi zako zote za mpaka dakika ile zinafutwa. Sitini na moja ikawa sifuri. Vijana wakaishiwa roho, Boruk wakawafanya wanavyotaka, na mechi ikaisha mia moja na kumi na nane kwa tisa.

Kazi ya Murray siku hiyo ilikuwa kusimama kwenye mstari wa mabadiliko na karatasi na kalamu, kuhakikisha kila anayeingia amepishana na anayetoka. Kwa hiyo unaelewa kwa nini macho yote yalimganda usoni.

"Kaa," Ross akamwambia. "Tuna barua hapa. Kesho inakwenda kwa wakubwa wa ligi, wanataka kujua kosa lilikuwa la nani. Sisi wakongwe tukikubaliana, klabu itaipeleka kama ilivyo."

"Na inasema kosa la nani?"

"Inategemea." Ross akamtazama sana, jicho la mtu anayekukumbusha jambo bila kulisema. "Naweza kuandika la yule mgeni, mpeleka ujumbe. Naweza kuandika la mtu wa mabadiliko. Wewe unaonaje?"

Murray akaketi. 

Beryl Hateley akainua kidole. Beryl ana miaka sabini na mbili, alikuwa mfungaji hodari wa netiboli enzi zake, na ulimi wake haujastaafu.

"Mimi kosa silijali," akasema. "Kosa ni kosa, hata mimi jana nimetia chumvi kwenye keki. Swali langu ni moja. Nahodha wa Boruk alijuaje?"

"Alihesabu," mtu akajibu.

"Alihesabu na nini? Watu thelathini na kitu wanakimbia huku na huku, wote tope mpaka kope, uwanja wenyewe upande mmoja huuoni ukiwa upande wa pili. Nimetazama mpira miaka hamsini na sijawahi kuhesabu mtu. Kuku wangu tu hunishinda."

Minong'ono ikaanza. Beryl alikuwa ameligusa jambo lenyewe, lile lililowakosesha wote usingizi. Mtu hasimamishi mechi akaomba hesabu kwa kubahatisha, maana akikosea anachekwa mpaka uzeeni. Nahodha yule alikuwa na uhakika, na uhakika huo alipewa na mtu.

"Mtu wa kwetu," Kadogo akasema.

"Mtu wa kwetu," Beryl akaitikia.

Na hapo kila mmoja akaanza kumtazama jirani yake kwa pembe ya jicho. Chumba kizima kilikuwa kimejaa watu waliojuana tangu nepi, na dakika ile hapakuwa na hata wawili walioaminiana.

"Ross, binti yako si kaolewa Boruk?" Kadogo akauliza, mdomo umejaa mayai.

"Na wewe Kadogo, trekta lako si linatengenezwa Boruk? Tukianza hivyo hatumalizi. Nusu ya watu humu wana ndugu kule. Hata Glenys kazaliwa kule."

"Mke wangu mwache," Murray akasema.

"Nimemtaja tu, bwana. Usipandishe."

Sasa nikuibie siri, msomaji, maana Murray mwenyewe alikuwa ameiramba na kuimeza tangu Jumamosi na ilikuwa inamkwama kooni.

Murray alijua.

Dakika tatu kamili kabla ya hesabu ile, aliitazama karatasi yake, akautazama uwanja, akaona jina moja halina mwenzake. Akabonyeza redio ya mkononi. Ross alikuwa juu kwenye kibanda cha kocha, akisaidia kupanga mabadiliko.

"Ross, tumezidi. Tuko kumi na tisa."

Jibu likaja: "Nyamaza. Ikilia filimbi ya mapumziko atatoka mmoja. Hakuna atakayejua."

Na Murray akajibu neno moja. "Sawa."

Hilo "sawa" ndilo lililokuwa linamtafuna. Kwani ukutani, nyuma ya kichwa cha Ross, kulikuwa na ubao wa heshima wenye majina ya wanachama wa maisha kwa rangi ya dhahabu. Petschel E., baba yake. Chini yake, Petschel M. Na wakongwe wa Talgara wana kanuni moja ambayo haijaandikwa popote lakini kila mtu anaijua: atakayeiaibisha klabu kwa makusudi, jina lake linapakwa rangi nyeusi. Limewahi kufanyika mara moja tu, mwaka hamsini na saba, kwa bwana mmoja aliyecheza nusu msimu kwa jina la mtu aliyekwisha kufa. Mpaka leo ule mstari mweusi upo, na kila mgeni anayeingia huuliza ni wa nani.

Mlango ukagongwa.

"Ingia!" Ross akaitikia upesi mno. "Nimemwita mimi."

Akaingia Eh Doh, mpeleka ujumbe, yule mtu anayekimbia uwanjani kuwapa wachezaji maneno ya kocha. Ni Mkaren, mmoja wa watu waliokimbia vita kule Burma, na mwaka wa nne sasa anafanya kazi kwenye kiwanda cha nyama ya bata na wenzake wengi. Jina lake linaanza na Eh, na siku za mwanzo wazee wa Talgara kila alipojitambulisha walidhani anashangaa. Murray ndiye aliyemleta klabuni. Alimwona akikimbia asubuhi barabara ya maghala ya ngano, akasimamisha gari, akamwambia miguu kama hiyo ni dhambi kuipotezea kwenye lami.

Eh Doh akavua viatu mlangoni, akaviweka sambamba. Kisha akaona wengine wote wana mabuti yenye tope. Hakuvirudisha mguuni.

"Habari za asubuhi, wazee. Shikamoo, mjomba Murray."

"Marahaba," Murray akajibu, akatazama sakafu.

"Simama hapo," Ross akasema. "Tuambie. Jana kocha alikutuma nini?"

"Aliniambia, toa Bluu, ingiza Corey."

"Na wewe?"

"Nilimwambia Corey ajiandae. Nikakimbia kwa Jarrod, nikamwambia atoke."

"Kwa nini Jarrod?"

Eh Doh akawatazama kana kwamba wamemuuliza jua linachomoza wapi. "Amevaa kofia ya kukinga kichwa. Ya bluu."

Kadogo akakohoa, mayai yakatoka puani.

"Bluu ni Kieran!" akafoka. "Kieran, yule mwenye nywele nyekundu!"

"Nyekundu?"

"Nyekundu kama nini sijui! Unamwona kutoka barabarani!"

"Na mnamwita Bluu."

"Ndiyo!"

"Kwa sababu nywele zake ni nyekundu."

"Ndiyo, bwana! Kila mtu anajua!"

"Kila mtu nani?" Eh Doh akauliza, na hakuuliza kwa ubishi. Alitaka kujua kweli.

Beryl akaangua kicheko kikavu. "Kila mtu aliyezaliwa hapa, mwanangu. Mpeleka ujumbe wetu wa siku zote kavunjika mguu Alhamisi, tukakupa wewe fulana na redio, na hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kukwambia kwamba sisi ni vichaa."

Kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi Murray akahisi hewa inaingia kifuani. Kumbe lile fumbo lilikuwa jepesi hivyo. Akajikuta anaongea.

"Jarrod alikuja mpaka kwenye mstari. Nikamwona, nikamtia alama, nikamruhusu Corey aingie. Mara wenzake wakampigia kelele, we Jarrod unakwenda wapi, rudi! Akageuka kabla hajauvuka mstari. Ndivyo tulivyofika kumi na tisa."

"Na wewe na kalamu yako hukumwona akigeuka?" Kadogo akauliza.

Murray akafungua mdomo.

"Angeonaje?" Ross akadakia. "Mvua ile, tope lile, watu wanapita. Mimi simlaumu."

Kadogo akaacha kutafuna. Macho yake madogo yakahama kutoka kwa Ross kwenda kwa Murray, yakarudi kwa Ross.

"Ajabu hii," akasema taratibu. "Robo saa iliyopita ulisema ni Murray au mgeni. Sasa umekuwa wakili wake."

"Nasema tu haki."

"Haki imekujia ghafla."

Ross akaisukuma barua mezani mpaka mbele ya Eh Doh, akaweka kalamu juu yake.

"Umejieleza vizuri, kijana. Tia saini hapa chini, mambo yaishe. Mwakani yakipoa tutakuita tena."

Eh Doh hakuichukua kalamu. Aliisoma barua polepole, kidole kikifuata mstari kwa mstari, midomo ikichezacheza. Watu wakaanza kutikisa miguu kwa kukosa subira. Kidole kikafika aya ya mwisho, kikasimama. Kikarudi mwanzo wa aya. Kikasimama tena palepale.

"Hapa imeandikwa nilimwambia nahodha wa Boruk kwamba tumezidi."

"Ni maneno ya kisheria tu hayo."

"Hapana. Haya ni maneno ya kusema mimi ni msaliti." Eh Doh akainua kichwa. "Lile la Bluu ni kosa langu, nitalitilia saini hata mara kumi. Hili silitilii saini."

Chumba kikavuma. Barua hiyo wote walikuwa wamesikia ikisomwa, ila si aya ya mwisho. Beryl akainyakua, akavaa miwani, akasoma, akamtazama Ross juu ya miwani.

"Umeiongeza lini hii?"

"Mtu lazima alimwambia! Nani mwingine alikuwa uwanjani, karibu na yule nahodha? Yeye! Kule kiwandani anashinda na watu wa Boruk wiki nzima. Fumbueni macho jamani!"

Vichwa kadhaa vikatikisika kukubali. Murray aliviona vikitikisika, kimoja baada ya kingine, vichwa vya watu wema aliokula nao miaka yote. Ilikuwa rahisi namna hiyo.

Eh Doh akamgeukia Murray.

"Mjomba," akasema. Mkono wake ukapanda wenyewe mpaka sikioni, pale ambapo Jumamosi palikuwa na kile kidude cha redio, ukagusa, ukashuka.

Murray akaelewa. Kumbe! Mpeleka ujumbe naye ana redio. Yote yaliyosemwa, tumezidi, nyamaza, sawa, Eh Doh aliyasikia yote. Alikuwa amesimama pale bila viatu, anaitwa msaliti mbele ya watu, na neno moja lingemwokoa, na halisemi. Hakutaka kumtaja mtu aliyemsimamishia gari.

"Mimi nilijua," Murray akasema.

"Ulijua nini?" Beryl akauliza.

"Murray, kaa chini," Ross akasema.

"Nilijua tuko kumi na tisa. Dakika tatu kabla. Nilihesabu kwenye karatasi, nikamwambia Ross kwa redio. Akaniambia ninyamaze, kwamba mmoja atatoka kwenye mapumziko. Nikasema sawa. Nikanyamaza." Akamwonyesha Eh Doh kwa kidole. "Mwacheni huyu. Kama mnatafuta mtu wa kumpaka rangi, nipakeni mimi hapa."

Ungedhani mtu katupa nyuki katikati ya chumba. Viti vikasukumwa, watu wakasimama, wote wakasema kwa pamoja. Mzee mmoja wa kombe la sabini na sita akatukana kwa lugha ambayo gazeti hili haliwezi kuichapa. Kadogo akapiga meza mara moja, sinia likaruka, kimya kikarudi.

"Ross?"

Ross alikuwa amekaa vilevile, mikono juu ya barua. Uso umepauka lakini sauti imetulia.

"Mimi sikuambiwa kitu. Redio ilikuwa inakwaruza siku nzima, kila mtu anajua. Namwonea huruma Murray. Anataka kumkinga huyu kijana aliyemleta klabuni, ni moyo mzuri. Ila uongo ni uongo."

Murray akamtazama rafiki yake wa miaka hamsini. Aliwahi kumwona Ross akivunjika mtulinga na kuendelea kucheza. Aliwahi kumwona akilia. Hakuwahi kumwona hivi.

"Redio haikukwaruza."

Sauti ilitoka mlango wa jikoni. Glenys alikuwa amesimama pale na birika la chai, jaketi la klabu limefungwa mpaka shingoni. Glenys ndiye mkuu wa huduma ya kwanza wa Talgara, yeye na mkoba wake wa bandeji, na alicheza netiboli pale misimu kumi na minne. Alikuwa ameingia kwa mlango wa nyuma bila mtu kujua.

"Mkoba wa bandeji nao una redio, shemeji Ross," akasema. "Ulisahau? Nilikusikia ukisema nyamaza. Na nikamsikia mume wangu akisema sawa."

Akaliweka birika mezani. Hakumtazama Murray.

"Ulikuwa unajua?" Murray akauliza. "Tangu jana?"

Glenys akamjibu Kadogo, si mumewe. "Nilipoona wanaume wawili wazima wameamua kufunga midomo, nikamwita Eh Doh kwa mkono, si kwa redio. Nikamwambia, kimbia kwa mwamuzi, mwambie tumezidi mmoja kwa bahati mbaya, tumtoe kabla hatujafunga tena. Nilidhani hivyo ndivyo inavyofanywa."

"Mwamuzi akaniambia yeye hahesabu mpaka nahodha wa upande wa pili aombe," Eh Doh akasema kwa sauti ndogo. "Nahodha wa Boruk alikuwa hatua mbili nyuma yangu. Ameinama, anafunga kamba za kiatu. Akasikia."

Beryl akavua miwani. "Kwa hiyo msaliti hakuna," akasema. "Tumelala macho usiku kucha kumtafuta mtu aliyesema kweli."

"Hakuna?" Ross akainuka. Sasa sauti ilikuwa imepasuka. "Hakuna? Hebu niulizeni mimi! Nahodha wa Boruk ni mtoto wa nani? Akija sikukuu anamwita nani shangazi?"

Kila mtu alilijua jibu. Nahodha wa Boruk ni mtoto wa kaka yake Glenys. Alijifunza kutembea kwenye veranda ya Murray.

"Shangazi mtu kamtuma mgeni mpaka pale mpwa wake aliposimama," Ross akaendelea, "na mpwa eti kwa bahati nzuri anafunga kamba za kiatu! Mimi ndiye mwongo? Haya. Na yeye je?"

Vichwa vilevile vikaanza kutikisika tena.

Na sasa nikwambie jambo baya zaidi. Kichwa cha Murray hakikutikisika, lakini ndani yake kitu kilitikisika. Jumamosi jioni, aliporudi kutoka uwanjani na buti zake za tope, alimkuta Glenys nje kando ya tangi la maji, anaongea na simu kwa sauti ya chini. Alipomwona, akaikata. Alisema ni kaka yake, anauliza hali. Murray hakulifikiria tena. Sasa akalifikiria.

Akamtazama mkewe. Miaka thelathini na mmoja. Angeweza kuapa kwamba hamna kitu kwenye uso ule asichokijua.

"Glenys," akasema. "Ile simu ilikuwa ya nini?"

Hakuna neno ambalo angeweza kusema likamuumiza kuliko hilo. Alilijua pale pale lilipomtoka. Glenys akavuta kiti, akaketi upande wa pili wa chumba, kati ya Beryl na dirisha.

"Hapana, usijibu," Kadogo akasema. Akainuka, na Kadogo akiinuka mwanga hupungua. "Nimechoka na hii. Tangu asubuhi tunanusanusana kama mbwa. Tupige kura, iwe basi. Nisikilizeni vizuri. Kura ni moja. Wanaotaka barua ichanwe, iandikwe nyingine yenye ukweli, na majina mawili, Dahlke R. na Petschel M., yapakwe rangi nyeusi kwenye ubao ule, wanyooshe mkono. Wasiotaka wakae hivyo hivyo, barua ya Ross iende, Eh Doh atoke klabuni leo na asirudi. Hakuna njia ya katikati. Mmeelewa?"

Wakaelewa.

"Haya. Mikono."

Mkono wa kwanza kupanda ulikuwa wa Glenys.

Ulipanda moja kwa moja, umenyooka, kama wa mwanafunzi anayelijua jibu. Wa pili ulikuwa wa Beryl. Kisha wa mzee wa kombe la sabini na sita, kisha wanawake wawili wa netiboli, kisha mmoja mmoja, kwa uzito, watu wakitazama magoti yao. Ross aliishikilia meza kwa mikono yote miwili. Kadogo akanyoosha wake, akahesabu, akarudia kuhesabu kwa kidole, kwa sauti, ili asiwepo wa kusema baadaye kwamba hesabu ilikuwa na kasoro.

"Kumi na moja juu," akasema. "Waliokaa, kumi na moja."

Akakuna shingo.

"Wenye kura tuko ishirini na watatu."

Taratibu, wote wakageuka. Murray Petschel alikuwa bado amesimama, mikono yote miwili imening'inia. Mbele yake ulikuwapo ubao, jina la baba yake na lake chini yake. Chini ya ubao alikuwapo Ross, anamtazama kwa macho yale yale yaliyomtazama siku ya harusi, anatikisa kichwa kidogo sana, usifanye, ndugu yangu, usifanye.

Hapo Eh Doh akaisogelea meza kwa miguu yake ya soksi. Akaichukua kalamu.

"Mjomba, usinyooshe," akasema. "Nitatia saini yote, na ile aya ya mwisho. Mimi jina langu halipo ukutani. Nitatafuta mahali pengine pa kukimbia."

Akaiinamia barua.

"Weka kalamu chini, Eh Doh," Kadogo akamwambia kwa upole ambao hakuna aliyewahi kuusikia kutoka kwake. Kisha akamgeukia yule mwingine, na upole ukaisha.

"Murray. Mkono wako uko wapi?"